Matofali ya Poenari

Jumapili ya Pasaka, Ilarie Dobrotă alirudi kutoka kanisani akakuta ukuta wake umeongezeka kozi tatu za matofali.

Alisimama uani, mshumaa wa kanisani bado mkononi, akauangalia kama mtu aliyekuta farasi asiye wake zizini mwake. Alhamisi jioni aliuacha ukiwa usawa wa kifua, na nafasi ya dirisha ikiwa wazi upande wa mtoni. Sasa ulimfika kidevuni, na nusu ya dirisha ilikuwa imezibwa.

"Veturia!" alimwita mkewe. "Hebu njoo uone. Nani amechezea kazi yangu?"

Veturia alikuja na kikapu cha mayai ya Pasaka, yaliyotiwa rangi nyekundu. "Nani afanye kazi leo? Leo Pasaka. Hata Gligore hafanyi kazi leo."

"Gligore hafanyi kazi hata siku nyingine."

"Ndicho ninachosema."

Gligore alikuwa jirani yao, mwanamume wa miaka hamsini asiye na mke, ambaye shughuli yake kubwa ilikuwa kuegemea uzio wa wenzake. Basi hawakumshuku kwa muda mrefu.

Ilarie alipitisha kiganja juu ya zile kozi tatu. Amekuwa fundi mwashi tangu hajaota ndevu, na kilichomuudhi si kwamba mtu ameingia uani kwake. Kilichomuudhi ni kazi yenyewe. Matofali yalikaa upandeupande. Badala ya saruji palikuwa na chokaa, nayo ilimwagwa kama uji. Hakuna timazi, hakuna pima maji.

"Huyu si fundi," alisema. "Huyu hajawahi kushika mwiko tangu azaliwe. Tazama vidole vyake."

Katika chokaa mbichi palikuwa na alama za vidole vyembamba, na kila mahali ambapo kidole cha tatu kilibonyea, palibaki alama ya pete pana yenye umbo la ndege.

Matofali yenyewe yalikuwa ya ngome. Vuli iliyotangulia, watu wa bwawa walipofunga maji huko juu, mto Argeș ulipungua mpaka ukaonyesha mifupa yake, na katikati ya mawe yakaonekana matofali mapana mekundu yaliyoporomoka zamani kutoka Poenari, ile ngome inayokaa juu ya vichwa vyetu kama jino bovu. Ilarie aliyasomba kwa trekta, trela sita. Alitaka kuongeza chumba cha wageni. Kila kiangazi watalii wanakuja kupanda ngazi za ngome ya mtawala Vlad, wanashuka magoti yakitetemeka, wanauliza pa kulala. Wanakuja wakimtafuta mnyonya damu. Tukiwaambia kwamba Vlad alikuwa mtu kama watu, kwamba alichomeka binadamu wenzake kwenye miti iliyochongwa lakini hakunywa damu ya yeyote, wanatutazama kama walioambiwa duka limefungwa.

"Usiyalaze humu ndani, hayo matofali," mama yake Ilarie, Bibi Safta, alimwambia tangu siku ya trela la kwanza. "Yana wenyewe."

"Wenyewe wamekufa, mama."

"Ndivyo nilivyosema."

Ilarie akabomoa zile kozi tatu siku hiyo hiyo, Pasaka hiyo hiyo, kwa nyundo, huku mama yake akijifanyia ishara ya msalaba dirishani.

Jumatatu walikaa mezani kula mwanakondoo. Walipoinuka, kozi tatu zilikuwa zimerudi na dirisha lote limezibwa. Ilarie akabomoa. Akaingia ndani kunywa maji. Akatoka, zimerudi. Akabomoa tena, jasho likimtoka, akitukana hewa, na safari hii hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaukodolea macho ukuta mpaka jua likashuka nyuma ya mlima. Hakikutokea kitu. Akageuka kupiga chafya. Alipogeuka tena, tofali moja lilikuwa juu ya ukuta, chokaa yake ikitiririka.

"Mimi nitamkamata," alimwambia mkewe. "Kesho nitajificha kibandani mchana kutwa. Sijali kama ni mtu au ni shetani. Atanieleza kwa nini ananiharibia kazi."

"Na akikueleza?"

"Nitamfundisha kushika mwiko, kenge huyu."

Jumanne mchana Veturia alikuwa jikoni akisonga ugali wa mahindi. Mumewe alikuwa kibandani tangu asubuhi, amevaa ile suti yake ya sikukuu, maana wiki ya Pasaka hatuvai nguo za kazi. Jua lilikuwa limesimama katikati ya ua. Kuku walikuwa wakiparura chini ya mplamu, kisha wote kwa pamoja wakaacha.

Ndipo aliposikia pumzi. Haikuwa pumzi ya mumewe, aliyelala ubavuni pake miaka ishirini na sita, naye Veturia alijua anavyopumua akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebebeshwa mzigo unaomzidi, anayepanda mahali pa mwinuko, anayeogopa hata kuhema asije akasikika, na baada ya kila pumzi tatu ukafuata mlio mdogo wa tofali kukaa juu ya tofali, kop, na kisha pumzi tena, na pamoja nazo ikaingia dirishani harufu ya chokaa mbichi na jasho na sufu iliyooza, na ndani yake, kwa mbali, harufu ya ubani, kama nguo iliyovuliwa kanisani ikazikwa ingali na joto la mwenyewe.

Veturia akatoka na mwiko wa ugali mkononi.

Alimkuta Ilarie ukutani. Alikuwa akijenga. Alishika mwiko wa uashi kwa mkono wa kushoto, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu kichafu barabarani. Alimwaga chokaa ikamchirizika mpaka kwenye mkono wa suti. Alipandisha tofali kwa mikono miwili, akaliweka upandeupande, akalitazama kwa wasiwasi, kisha akatazama juu mlimani, kule ngomeni, kisha akainama kuchukua jingine.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Veturia hadi kwenye kucha. Angeweza kuvumilia kumwona mumewe akicheka peke yake au akizungumza na miti. Lakini fundi Ilarie Dobrotă kuweka tofali bila kulipima!

"Ilarie!"

Hakugeuka.

"Ilarie, ugali uko tayari. Acha hiyo kazi."

Midomo yake ilisogea. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kistaarabu, ya mtu asiyezoea kuomba.

"Bado," ilisema. "Bado haijaisha."

*

Walijaribu kumvuta, Veturia na Bibi Safta na Gligore aliyeruka uzio kusikia kelele. Wakamwingiza ndani, wakamfunga kitandani kwa mashuka. Mikono yake iliendelea kufanya kazi hewani: inama, inua, weka. Kulipopambazuka walikuta mashuka chini na yeye ukutani. Alijenga tangu jua lilipochomoza mpaka lilipozama, kisha akaanguka palepale alipo, hakula wala hakunywa. Wakimletea maziwa, aliyatazama kwa hamu hadi machozi yakamtoka, kisha akatazama mlimani na kutikisa kichwa.

Jumatano alikuja daktari kutoka mjini. Akampiga sindano. Ilarie akalala, mikono ikaendelea.

"Ni mishipa ya fahamu," daktari alisema. "Amekuwa na mawazo?"

"Ana ukuta, daktari. Hana mawazo, ana ukuta."

"Apumzike. Asifanye kazi nzito."

Veturia alimtazama daktari, akamtazama mumewe aliyekuwa akibeba matofali usingizini, akasindikiza mgeni hadi langoni bila neno, kwa sababu neno alilokuwa nalo halifai kuambiwa daktari.

Alhamisi alimwendea Padri Sofronie. Padri alikuja, akasoma sala ndefu, akanyunyiza maji ya baraka. Ilarie alilia kama mtoto muda wote wa sala. Sala ilipokwisha, akafuta machozi kwa mkono wenye chokaa, akarudi kazini.

"Hii ni roho ya mfu, mwanangu," Padri alisema kwa sauti ya chini. "Inahitaji misa ya wafu."

"Basi isome, Padri. Sasa hivi. Mishumaa ninayo."

"Wiki hii hatuombei wafu. Ni wiki ya Ufufuko. Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa amekufa! Tazama mikono yake!"

Kucha tatu za Ilarie zilikuwa zimeng'oka. Mikono ya suti ilikuwa imechanika mpaka begani, na suruali ilining'inia magotini kama majani yaliyonyauka.

"Na hata Jumatatu," Padri alisema akikunja kitabu, "nitamwombea nani? Nahitaji jina. Misa ya mtu asiye na jina ni barua isiyo na anwani."

Alipokuwa akitoka, langoni alisimama mgeni, kijana wa mbali mwenye kamera, pamoja na msichana wa kumtafsiria. Walikuwa wamesikia habari barabarani.

"Anauliza," msichana alisema kwa aibu, "kama huyu mzee ameumwa shingoni. Na kama anaweza kumpiga picha akifungua mdomo."

Veturia alichukua ufagio. Watu wa kijiji bado wanasimulia umbali aliokimbia yule kijana, na kamera yake ilikutwa wapi.

Usiku ule hakulala. Alikaa karibu na mumewe aliyeanguka chini ya ukuta, akamfunika blanketi. Hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira tu, ya mtu anayegonga kila mlango wa nyumba inayoungua na kila anayefungua anamwambia asubiri.

*

Ijumaa akaenda kwa Bibi Rusanda, anayekaa mwisho wa kijiji na mbuzi wake. Watu humwita mganga wanapomhitaji, na mchawi wasipomhitaji, naye anajua. Alimkuta akichuma majani ya porini yanayowasha, ambayo kwetu hupikwa supu.

"Nilikuwa najiuliza utafika lini," Rusanda alisema. "Daktari kwanza. Padri pili. Kisha mimi. Kila mara."

"Nisamehe, bibi. Ni mtawala Vlad mwenyewe ameshuka. Watu wote wanasema."

"Watu wote ni wajinga. Twende."

Rusanda alisimama mbele ya Ilarie kwa muda mrefu. Akanusa hewa. Akagusa zile alama za pete. Mwishowe akacheka kidogo, bila furaha.

"Mtawala hajengi, mwanangu. Mtawala anaagiza. Huyu ni mmoja wa walioagizwa."

Bibi Safta, aliyekaa kizingitini na fimbo yake, akaitikia kwa kichwa. "Mama yangu alinisimulia. Mabwana wakubwa wa mji wa Târgoviște, waliomsaliti baba yake Vlad na kumzika kaka yake angali hai. Vlad aliwangoja mpaka Pasaka. Wakatoka kanisani na nguo zao za hariri, wakaketi kula, akawazingira. Wazee akawachomeka mitini. Wenye nguvu akawaleta hapa kwa miguu, na wake zao na watoto, wakabeba matofali mpaka nguo za Pasaka zikawaozea mwilini, wakabeba wakiwa uchi."

"Waliosoma hubishana kama ni kweli," Gligore alisema kutoka kwenye uzio.

"Waliosoma waje washike hii mikono," Veturia alisema.

Rusanda akawaambia la kufanya. Kwetu wafu hupewa vitu kupitia mikono ya walio hai. Unampa mtu mzima nguo, kuanzia kofia mpaka viatu, na chakula mezani, unamwambia pokea kwa ajili ya fulani. Akivaa yeye, anavaa na marehemu. Akishiba yeye, marehemu anashiba. "Huyu yuko uchi," Rusanda alisema, "na kifungua kinywa chake cha Pasaka hajakimaliza. Mvisheni, mlisheni. Ataondoka."

Veturia akatoa kabatini suti ya harusi ya Ilarie. Wa kuivaa alikuwa mmoja tu.

"Mimi?" Gligore alisema. "Dada Veturia, mimi naogopa."

"Hii suti umeitamani miaka yote. Vaa."

Akavaa. Wakampangia mkate mtamu wa Pasaka, mayai mekundu, mwanakondoo, kikombe cha mvinyo. Veturia akainama akampa, akasema, "Pokea, kwa ajili ya yule anayejenga."

"Mungu aipokee," Gligore alisema, akala, macho yakimtoka.

Kop, ukuta ulisema. Kop.

Rusanda akasonya. "Yule anayejenga! Wamejenga mamia. Wamekuja mia, kila mmoja akidhani ameitwa yeye, wameng'ang'ania mlangoni, hakuna aliyeingia. Nilikuambia jina."

"Hukuniambia jina!"

"Basi nakuambia sasa. Jina."

"Nitalitoa wapi? Nimemuuliza mara elfu! Kila nikimuuliza ananiambia bado, bado, bado!" Veturia aliupiga teke ukuta, akaumia kidole, akakaa chini akikishika. "Kila mtu ananiambia kinachotakiwa. Hakuna anayenipa. Nimechoka, mimi. Nimechoka nanyi wote, wazima na wafu."

Rusanda akafunga kitambaa chake kichwani. Langoni aligeuka. "Wewe unamuuliza kama bibi mwenye nyumba," alisema. "Huyo mabosi amewaona vya kutosha."

*

Jumamosi asubuhi matofali ya mtoni yalikwisha. Ilarie akaanza kung'oa ya jiko la mkate. Begani alibaki na kipande tu cha shati. Alikuwa amekonda mpaka mbavu zilihesabika, na kila alipoinua tofali alitoa mlio kama wa bawaba.

Veturia alisimama akimtazama muda. Kisha akafunga aproni ya kazi juu ya gauni lake, akaenda kwenye lile jiko lililobomolewa, akachukua tofali.

Alibeba akapeleka ukutani, akarudi, akabeba jingine. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Alipishana naye njiani, yeye akienda na mumewe akirudi, kama punda wawili wa kinu kimoja. Mikono ikaanza kumtoka malengelenge. Na kwa kuwa kweli alikuwa amechoka, na kweli alikuwa na hasira, hakuhitaji kuigiza.

"Kazi gani hii," alinung'unika. "Hata maji hatupewi."

Ilarie akasita kidogo. Akaendelea.

"Mgongo umekwisha. Na kwa nini? Ngome juu ya mwamba, hata mbuzi hafiki. Atakaa nani huko? Yeye mwenyewe, na kunguru."

"Nyamaza." Ile sauti nyembamba, chini kabisa, bila kugeuza uso. "Atasikia."

Nywele za Veturia zilisimama, lakini miguu yake iliendelea kutembea. "Nani atasikia?"

Kidevu cha Ilarie kilielekea mlimani.

"Amekufa, ndugu yangu. Zaidi ya miaka mia tano."

"Wanasema hivyo kila mara. Alifukuzwa, wakasema amekwisha. Akarudi. Wakasema amefungwa gerezani kwa Wahungari, hatoki. Akatoka, akarudi." Akatazama tena mlimani. "Waliofurahi, aliwakuta wanafurahi."

"Safari hii walimkata kichwa. Kichwa kilipelekwa kwa Sultani."

"Ulikiona?"

Veturia akatamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa amebeba tofali pamoja na mtu huyu tangu asubuhi, na uongo haukutoka.

"Sikukiona."

"Basi," ile sauti ilisema, akaweka tofali lake.

Walibeba. Jua likafika katikati ya ua. Kutoka uzioni Gligore, bado amevaa suti, alikuwa akitazama bila kuthubutu kukohoa. Veturia alihisi hasira yote ya wiki nzima ikimpanda, akataka kulirusha lile tofali dirishani, kupiga kelele, kumtingisha mumewe mpaka yule mwingine adondoke kama plamu. Badala yake alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

"Mimi nimeshindwa," alisema. "Aje anichomeke, akitaka. Mimi naitwa Veturia. Tumebeba pamoja siku nzima, wala sijui nikuite nani."

"Hapa hatuna majina."

"Nyumbani?"

Ilarie alisimama na tofali kifuani, damu ya vidole ikitiririka juu yake. Midomo ilianza, ikaacha, ikaanza tena, kama mtu anayepapasa mlango katika nyumba aliyoihama zamani.

"Nyumbani kulikuwa na mke wangu, Neaga," alisema. "Alinifunga vifungo mwenyewe siku ile. Shati jeupe. Alisema, simama wima, Staico, unacheka nini, Staico." Akashangaa. "Staico," akarudia.

"Gligore!" Veturia alipiga ukelele wa kuamsha wafu. "Vua!"

"Nivue nini?"

"Vua hiyo suti, uivae upya! Mama, leta mkate! Leta mayai!"

Gligore alivua palepale uzioni, mbele ya mke wa mtu na mama wa mtu, akavaa tena akikosea miguu ya suruali. Veturia akampa kwa mikono inayovuja damu kimoja kimoja, shati, koti, viatu, mkate, mwanakondoo, mvinyo, na kwa kila kimoja akasema, "Pokea, kwa ajili ya Staico wa Neaga."

"Mungu aipokee," Gligore alisema, na safari hii alikuwa akilia.

Alipofunga kifungo cha mwisho, Ilarie aliinua kidevu, akajigusa shingoni mahali pasipo na kola, akailainisha kwa vidole kana kwamba ipo. Mabega yalinyooka. Bibi Safta akamgongea Gligore yai jekundu kwa yai, kama tunavyofanya kila Pasaka, akasema, "Kristo amefufuka."

Aliyejibu hakuwa Gligore. "Kweli amefufuka," ilisema ile sauti, haraka, kwa furaha, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno, na tofali likaanguka chini likapasuka vipande viwili.

Ilarie alipepesa macho. Akatazama mikono yake. Akatazama jiko lake lililobomoka, na mkewe aliyejaa vumbi, na jirani yake aliyevaa suti yake ya harusi. Mwisho akautazama ukuta uliopinda kutoka kibandani mpaka kwenye mplamu.

"Nani," alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokwaruza, "amejenga takataka hii?"

Veturia akaangukia shingo yake, akampiga ngumi ya mgongo, akalia.

*

Ilarie alilala tangu jioni ile. Asubuhi ya Jumapili alikuwa bado amelala, mikono imefungwa vitambaa, imetulia juu ya blanketi. Veturia alikaa karibu naye akizisikiliza kengele za kanisa. Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima alikuwa na njaa. Akainuka kwenda kukata mkate.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Bibi Safta alikuwa amesimama nje bila fimbo.

Veturia akaacha kisu. Mama mkwe wake hakuwa amesimama bila fimbo tangu miaka sita iliyopita. Sasa alisimama juu ya ncha za vidole vya miguu, kama mtoto anayechungulia mezani, na kifuani alikumbatia tofali kwa mikono yote miwili, kwa namna mtu anavyobeba kitu kikubwa kuliko yeye. Nyuma yake ua wote ulikuwa umejaa nyayo za chokaa mbichi. Nyayo za wanaume, nyayo za wanawake, na ndogo, ndogo kabisa. Zilianzia mlangoni, mbili mbili, kwa mpangilio, zikatoka langoni, zikashika barabara, zikapanda mlima kuelekea ngome mpaka zilipoishia kuonekana. Na kila Veturia alipofumba macho na kufumbua, ile safu ilikuwa imesogea karibu kidogo. Hewa ilinuka ubani.

"Staico ametuambia," ilisema sauti ya mtoto wa kike kutoka kinywani mwa Bibi Safta, kwa kunong'ona, huku akitupa jicho mlimani, "hapa mnagawa nguo."

Veturia alishika kizingiti. Aliwatazama wale asiowaona, mpaka mwisho wa barabara. Alifikiria kabati lake. Kisha akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka mpaka mifupani, akavua koti lake la sufu, akapiga magoti kizingitini mbele ya mama mkwe wake, akalitandaza mikononi.

"Jina lako nani, mwanangu?" aliuliza.